Pale Alipokata Uzi

Aliyemtafuta fundi cherehani wa mji ule mdogo hakuhitaji kuulizia nyumba, alifuata sauti. Chumba chake cha mbele kilitazama barabara, na dirishani, penye mwanga mzuri, ndipo ilipokaa cherehani yake ya miguu. Kanyagio likianza kwenda, naye huanza kuimba. Katika nyimbo zote za kanisani alikuwa na mmoja alioupenda kupita kiasi. Aliuimba polepole huku akisukuma kitambaa. Mwisho wa mstari wa tatu hunyamaza, akainama, akakata uzi kwa meno, kisha akashika mstari wa nne kana kwamba hapakutokea kitu.

Binti yake, kitinda mimba aliyekulia chini ya meza ile akiokota vifungo, alidhani ndivyo wimbo wenyewe ulivyo.

Jumapili mama huyo alivaa gauni la bluu lenye ukosi mweupe, akaketi benchi la tatu upande wa madirisha. Huko nako alinyamaza palepale, akainamisha kichwa kidogo, mikononi hamna kitambaa wala uzi. Alikuwa na sauti nene iliyobeba benchi zima, hivyo jirani zake walipotea njia, wakawa wanamngoja. Ugonjwa huo ukaambukiza benchi la nyuma, halafu la mbele, hata upande wote wa madirisha ukawa unanyamaza pamoja naye. Upande wa mlango ulitangulia.

"Mama, unatuchelewesha," binti alimnong'oneza siku moja, enzi za usichana wake wa kuona haya kwa kila jambo.

"Nani amekukataza kutangulia? Nenda, mwanangu. Ukifika utuwekee nafasi."

Shoga wa mama, mwoka mikate aliyeketi naye tangu ujana wao, alicheka mpaka ikambidi ajifanye anakohoa.

Baadaye akaja mwalimu mpya wa kwaya, kijana mtaratibu aliyependa kila kitu kiende sawasawa. "Mama, pale hakuna pumziko," alimweleza kwa adabu.

"Baba, nani amepumzika? Mimi nakata uzi."

Mwalimu akaenda zake. Juma lililofuata alileta kanzu ya kwaya, ishonwe upya mabega.

Miaka ikapita. Macho yakamchoka fundi, cherehani ikafunikwa shuka, naye, akiwa amekula chumvi nyingi, akafariki.

Alasiri, siku moja kabla ya maziko, mwalimu alifika nyumbani. "Pole sana, dada. Kesho wageni watakuwa wengi. Nimeona ule wimbo wake tuuimbe kama ulivyoandikwa, tusije tukagongana mbele za watu. Waonaje?"

Binti alikuwa hoi kwa kupokea wageni. "Sawa, mwalimu," akasema.

Mwoka mikate, aliyekuwa akisaidia pale nyumbani, alisubiri mwalimu atoke. "Umesema sawa?"

"Nimechoka, mama mdogo."

"Haya. Basi kesho tutamzika bila yeye mwenyewe kuwapo."

Binti alifunua cherehani. Sindano ilikuwa bado na uzi mweupe. Alijaribu kuikumbuka sauti ya mama yake, isimjie. Kilichomjia ni ule ukimya tu, na kichwa kilichoinama. Magauni yake yangechakaa na chumba kingepata mpangaji. Ukimya ule ndio uliokuwa umebaki, na yeye alikuwa ameridhia uzibwe. Ukizibwa kesho, nani angeufungua tena?

Kesho yake aliketi benchi la tatu. Hakuwa amepata hata nafasi ya kusema na mwalimu. Wimbo ukaanza, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwaya ikaunganisha kuingia wa nne. Binti akafumba mdomo.

Mwoka mikate akanyamaza. Nyuma yao wakanyamaza, na upande wote wa madirisha. Wageni wakainua macho kutoka vitabuni. Mwalimu akageuka, mkono ungali juu, ndani ya kanzu ile ile yenye mabega yaliyoshonwa upya. Alitazama benchi la tatu, akaushusha mkono taratibu, na wanakwaya wakaacha, mmoja mmoja. Kisha upande wa mlango, uliozoea kutangulia, nao ukatulia.

Ukimya ukawa mrefu kuliko siku zote, kwa kuwa aliyezoea kuumaliza hakuwapo. Ndipo binti alipotambua kwamba kanisa zima linamngoja yeye. Akainamisha kichwa kidogo, meno yake yakakutana, akakata uzi. Kisha akashika mstari wa nne.