Panya Nyeupe za Sylvestre

Nilianguka na mufuko muzima ya muhogo mu mugongo, mbele ya kanisa yote, kikwembe, nguo yangu ya kiunoni, ikashikwa na kisiki ikabaki kule juu, mimi nikashuka kilima kwa matako. Aibu ile ni yangu, nimeikubali. Lakini kosa iko na wenyewe, na majina yao nitayataja.

Nilikimbia vita Masisi na watoto watatu na magoti mazima. Leo niko Kashebere, huku Walikale, watoto wamekomaa, na magoti njo imezeeka. Papa Bahati, mwenye shamba ninalolima, alikuwa anapunguza watu. Akaniambia, “Mama Riziki, vipande ya shamba naachia wenye nguvu. Siku ya salongo, kazi ya kijiji, nitakuangalia.”

Jumapili ile, Pasta Étienne akamupa Sylvestre mimbari. (Sylvestre anajiita docteur kwa sababu alifagia pharmacie, duka ya dawa, mu Goma.) Akaonyesha mu telefone yake panya inakimbia ndani ya gurudumu. Akasema watu ya laboratwari wanabadilisha panya ndani kabisa, mu ile mbegu yenye mutoto anarithi kwa wazazi, na panya inazeeka lakini nguvu inabaki. Hapo hakudanganya. Uongo ilianza aliposema amepata hizo panya, nyeupe, zimekaushwa, na muntu akikula tatu magoti inarudia ujana.

Sisi tunajua panya kwa kula. Kwetu Masisi watoto wanachoma panya ya shamba wakati ya mavuno ya maharage, huku Walikale wanakula ile kubwa ya pori. Ukituambia panya iko na nguvu, mawazo inaenda moja kwa moja mu sufuria. Sylvestre anajua vile, amezaliwa hapa. Nikamupa kuku yangu yenye kutaga, nikabeba panya tatu.

Kuosha tu, maji ikawa nyeupe na panya zikawa nyeusi. Binti yangu akaangalia ndani ya beseni.

“Mama, hii si unga ya muhogo?”

“Nyamaza, njo dawa ya laboratwari inatoka.”

Nikakula zote tatu, na mikia.

Siku ya salongo kanisa yote ilitoka, na wenzangu walibeba nusu mufuko ya muhogo kupandisha kilima. Mimi nikasema munijazie. Papa Bahati akauliza, “Mama, uko na hakika?” Nikajibu, “Papa, uniachie njia tu.” Sylvestre akapiga makofi pembeni ya Pasta: “Muangalie ushuhuda!” Nikafika katikati ya kilima, goti ikalia kama kuni kavu, na mengine nimekwisha kusema, ila mufuko ilinifuata mpaka chini, na muntu mu kundi akasema, “Panya imerudia mu shimo yake.” Wote wakacheka. Papa Bahati hakucheka, na njo ile iliniumiza zaidi. Alisema polepole, “Pole, Mama. Kipande nitamupa mwengine.”

Infirmière Noella, muuguzi wetu, wakati ya kunifunga goti, alicheka kwanza, kisha akanieleza. Panya zile wanazibadilisha ili wajue kwa nini mwili mumoja unazeeka na afya na mwengine unazeeka na magonjwa. Si nyama, si dawa, na kile kinasaidia panya hakijakuwa bado cha muntu. “Na wanaandika yote, Mama. Imekula nini, imeanguka lini, imekufa siku gani.”

Neno ile ilinikaa mu roho. Sylvestre alinijaribisha mimi, nani aliandika? Njo maana nimeandika mwenyewe, na shule yangu ya miaka tatu. Sitakula tena kitu kwa sababu kilisifiwa kwa mimbari, lakini kuapa hakuwezi kulima. Sylvestre alisema mbele ya kanisa, ajibu mbele ya kanisa. Pasta Étienne alimupa mimbari, amusimamishe pale pale. Nitakuwa kwa benchi ya kwanza na fimbo yangu, na Sylvestre aniambie, panya nimekula, shamba nimepoteza, sasa nani atanilimia?