Lami mpya ilitumalizia mbio za Siakago, ndengu za mama mkwe zikaturudishia

Wakuu, hamjambo huko mliko?

Mimi niko Kianjokoma, baridi inauma, chai iko mkononi, na nimeamua leo niwape hii stori yote. Chumvi sijaongeza. Mashahidi wangu wengi ni wakwe, na kwetu mtu hachezi na jina la wakwe.

Kwanza mnijue. Mimi hubeba maziwa asubuhi na Probox, Kianjokoma mpaka Embu town. Lakini kuna Jumamosi zingine hiyo Probox huwa gari ya mbio.

Tuko na ringi yetu ya kuzunguka mbio nje ya Siakago, kule chini kwa joto, mahali palikuwa uwanja wa mnada wa ng'ombe. Sheria kubwa ni moja: gari iwe ya kazi. Ije ikijiendesha, irudi nyumbani ikijiendesha, na Jumatatu iende job. Unafungiwa vyuma ndani vya kukulinda ukipinduka, unavaa helmet, unaanza kusali.

Zamani hiyo ringi ilikuwa murram, udongo mtupu. Wueh! Utamu!

Ukipitwa ndani, unapita nje. Nje kukiwa na shimo, unapita katikati. Tairi zinaisha, kwa hivyo mwenye haraka anachoka mapema na mwenye akili anamfikia mwishoni. Probox yangu, kwa vile springi za nyuma ni ngumu za kubeba mzigo, ilikuwa inaruka mashimo na kushuka bila kulalamika.

Watu walikuwa wanatoka hadi Meru na Maua kuja kuona. Tukimaliza, kila mtu ni rangi moja, huwezi jua nani ni nani mpaka acheke.

Basi tukaletewa maendeleo.

Contractor aliyekuwa anatengeneza barabara ya karibu akakubali kutuwekea lami. Si ile laini ya highway. Ni ile ya kumwaga lami ya maji halafu unatandaza kokoto juu. Tulipiga makofi. Mimi mwenyewe nilimshika chairman wetu wa mbio, Nyaga, mkono nikamshukuru kama pasta.

Race ya kwanza kwa lami, aliyeingia kona ya kwanza mbele alimaliza mbele. Wa pili akamaliza wa pili. Wa tatu, wa tatu. Tulizunguka tukifuatana kama watoto wa nasari wakienda kunawa mikono.

Ile ya pili, vivyo hivyo. Watu wakaondoka kabla tumalize wakaenda kula nyama. Unajua uchungu wa kushindana na mbuzi choma na ushindwe?

Shida ilikuwa hivi, wakuu. Tairi zetu zilikuwa zinatupa kokoto nje. Upande wa ndani ukabaki msafi, gari inashika vizuri. Upande wa nje kukawa na kokoto zimelala tu, ukikanyaga hapo unateleza mpaka kwa fensi. Kwa hivyo njia ya kupita ilikuwa moja, na mwenye ako mbele ameshaikalia.

Halafu gari nazo. Kuna Hussein wa Maua, transporter, mtu mpole sana akiwa nje ya gari. Yake iko chini, tairi pana. Kwa murram ilikuwa inagonga tumbo mpaka unaionea huruma. Kwa lami? Aki hiyo gari ilikuwa kama imepakwa gundi.

Mimi kuona hivyo, nikakimbilia fundi. Nikamwambia, kata springi, shusha gari.

Akaniuliza, "Na maziwa?"

Nikamwambia maziwa haina shida.

Jumatatu nikapakia mikebe. Kufika ile bump ya kwanza, gari ikalala juu yake kama ng'ombe amekataa kuamka. Wateja wa Embu wakanywa strungi, chai bila maziwa, hiyo asubuhi. Na mbio nazo sikushinda.

Hapo ndipo Wawira, bibi yangu, akatoa hukumu. Huyu ni mtu wa Siakago, si wa kelele, lakini akisema amesema.

"Baba Muriithi, rudisha springi. Na ile race inakuja ndiyo ya mwisho kujaribu. Ukishindwa tena, hivyo vyuma vinatoka kwa gari, na Jumamosi utakuwa unalima na sisi."

Nikakubali. Lakini wakuu, niliumia. Mimi sina golf, sina baa, sina nini. Hiyo ringi ndiyo mahali pekee nahisi niko hai kabisa. Nikaenda kwa fundi nikawekewa springi mpya nikiwa sina raha.

Sasa, wiki ya race, chairman akanipigia. Amekasirika vibaya.

"Kuna wamama wameanika ndengu kwa ringi! Kona ya tangi la maji yote ni kijani. Na nimesikia mmoja ni mama mkwe wako. Nenda uwatoe."

Kama hujaoa Mbeere, huko kwa kina Wawira, wacha nikueleze. Mama mkwe si mtu wa kuambiwa "toa." Mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia. Ukimwona anakuja, unatafuta kichaka. Mimi tangu nioe, maneno yangu kwake ni "mmeamkaje" na "asante kwa chakula," nikiangalia viatu vyangu.

Na huyu chairman ananituma nikamfukuze!

Nilienda. Nikapark mbali. Nikakohoa kutoka mbali ndio ajue nakuja.

Walikuwa wanne. Msimu umekuwa mzuri na kila mtu ana ndengu. Waliona lami nyeusi, inachemka kwa jua, na hakuna gari katikati ya wiki. Wakaona Mungu amewaletea mahali pa kuanika. Mimi pia ningeona hivyo.

Nikafungua mdomo. Badala ya "tafadhali toeni ndengu," nikasikia nasema:

"Mama, naweza wasaidia kufagia?"

Wale wengine wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama mkwe hakucheka. Akanipatia ufagio.

Wakuu, nilifagia kile kipande cha kona kilichobaki mpaka mgongo ukalia. Kumbe hawa wamama, kabla ya kumwaga ndengu, hufagia kwanza. Hakuna mtu anataka kokoto ndani ya ndengu, mnunuzi atakataa, na ukipika utavunja jino. Walikuwa wamefanya hivyo kila asubuhi, wakizoa kokoto na kuzitupa ng'ambo ya fensi.

Tulipomaliza, mama mkwe mwenyewe akasema, akiangalia kando vile inafaa, "Tunajua mna mashindano. Ijumaa tutakuwa tumetoa."

Basi. Hata sikuomba. Nikamwambia chairman kazi imefanyika, na nikajifanya nilikuwa mkali.

Jumamosi ikafika. Tukapiga kura ya mistari ya kuanzia, nikaokota nyuma karibu na mwisho. Hussein akapata mbele kabisa. Nikaangalia Wawira pale kwa fensi, akaangalia saa yake. Nikajua jembe linaningoja.

Bendera ikashuka. Mwendo ni ule ule, foleni.

Raundi ya pili au ya tatu, pickup moja ikanisukuma kidogo kona ya tangi. Nikatoka nje ya njia. Nikafunga macho nusu nikingoja kuteleza.

Gari ikashika.

Ikashika kabisa! Nikapita hiyo pickup nikiwa nje, dereva akaniangalia na mdomo wazi. Ndipo akili ikanijia: hapa ndipo niliposimama na ufagio. Kuna njia ya pili hapa, na sisi wote tulikuwa hatujui.

Wakuu, nilianza kuwachuna mmoja mmoja. Kila nikifika kona ya tangi, nje. Zile kona zingine natulia kwa foleni kama mkristo. Huku Probox imeinama upande mmoja, springi mpya zikipiga kelele, lakini inaenda.

Watu wakaanza kupiga nduru. Wale wa nyama wakarudi na mifupa mkononi.

Raundi ya mwisho tumebaki mimi na Hussein. Na Hussein si mjinga, alikuwa ameniona kwa kioo. Kufika kona ya tangi akatoka nje yeye, anifungie.

Akaniachia ndani!

Nikaingia. Tukatoka hiyo kona mlango kwa mlango, mimi na yeye, vioo vikibusiana. Hiyo kitu hatukuwa tumeiona tangu lami iwekwe. Mimi nilikuwa napiga kelele ndani ya helmet peke yangu.

Tukapita mstari.

Hussein alinishinda kwa urefu wa bonnet tu.

Nilisimamisha gari pale kando. Hussein akanikumbatia, watu wakatubeba, chairman alikuwa analia na anakataa ati ni vumbi. Lami, vumbi ya wapi? Lakini mimi nilikuwa nimeshindwa, na ahadi ni ahadi. Watu walipopungua nikatoa spana, nikaingia nyuma, nikaanza kufungua nati ya kwanza ya vile vyuma.

Wawira akaja. Sauti yake ilikuwa imeisha kabisa kwa kupiga nduru, ananong'ona tu.

"Unafanya nini?"

"Nilishindwa. Si ulisema?"

Akaniangalia. Nyuma yake, mbali kidogo kama heshima inavyotaka, mama mkwe alikuwa amesimama na kitambaa chake kimeanguka kichwani na hajui.

"Rudisha hiyo nati," Wawira akasema.

Sasa funzo, wakuu. Gari yako ikikushinda, usikimbilie kukata springi kwa sababu ya gari ya jirani. Angalia kwanza chini unakanyaga nini. Na lami ikiwa mpya, haijakuwa ya mbio bado. Inangoja watu waitumie.

Siku hizi chairman ndiye huwapigia wamama simu waje waanike ringi nzima, upande wa nje, mradi wafagie kwanza. Race ni moto tena.

Wenye mmewahi kuendesha gari ya mzigo kwa lami ya kokoto, semeni mlifanyaje. Na walio na wakwe wakali pia wachangie, hatubagui hapa. Mimi nitasoma jioni, saa hii naelekea Siakago. Mama mkwe ameninunulia ufagio wangu mwenyewe.