Mnizike Nayo

Verl Jorgensen alikuwa fundi wa mabomba, na katika mji wa Price hapakuwa na nyumba ambayo hajawahi kutambaa kwa tumbo chini ya sakafu yake. Watu walimpenda kwa kazi yake na kumvumilia kwa mdomo wake. Alikuwa na neno juu ya kila kitu, madirisha ya plastiki, mbwa wanaovalishwa sweta, wanaume wanaopanda mlima na miavuli. Lakini hakuna kitu kilichomchemsha damu kama baiskeli ya umeme.

Kwake yeye, baiskeli ya milimani ilikuwa miguu, mapafu na ukaidi. Ukiongeza betri, alisema, umenunua pikipiki isiyojiamini. Hotuba hiyo aliitoa kila mwaka, ile wikendi ya mwisho wa Mei ambapo nchi nzima huwakumbuka marehemu wake, akiwa kambini chini ya magenge mekundu ya mawe ya San Rafael pamoja na marafiki zake wawili. Mwaka mmoja ilimnogea mpaka akala kiapo mbele yao.

"Siku mtakayoniona juu ya baiskeli ya umeme," alisema, "mnizike nayo."

Arturo Quintana alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Huyu Arturo alikuwa amechimba makaa ya mawe tangu ujanani mpaka magoti yakamkataa, na tangu ujanani huohuo alikuwa akishindana na Verl nani atafika juu ya mlima kwanza, na kushindwa. Marlys, ambaye kazi yake ni kupigilia farasi viatu, alisema kaburi atachimba yeye mwenyewe, kwa sababu hawa wazee wawili hawajui kuchimba shimo likanyooka.

Sasa basi, Novemba iliyopita Verl alitoka kupiga koleo theluji ya mlangoni na hakurudi ndani kwa miguu yake. Madaktari walimfungua kifua. Mkewe, LaRue, alilala juu ya kiti cha hospitali usiku baada ya usiku, na aliporudi nyumbani hakuweza kulala kitandani, alikuwa ameuzoea mgongo wa kiti. Verl mwenyewe aliwaambia rafiki zake ni ngiri. Aliichagua ngiri kwa akili, kwa kuwa ni ugonjwa ambao watu wenye adabu hawaulizi zaidi.

Daktari alimruhusu kuendesha baiskeli, ila alimkataza kupanda miinuko mikali kwa nguvu zake mwenyewe. Verl akanuna siku nzima. Kesho yake LaRue aliondoka na gari bila kumuaga, akarudi jioni na baiskeli ya umeme nyuma. Hakumsihi wala hakumbembeleza. Aliweka sharti moja tu.

"Utawaambia Arturo na Marlys moyo wako ulivyo," alisema. "Wajue la kufanya ukianguka. Hutaki, huendi kambini."

"Nitawaambia Ijumaa, tukifika tu."

Aliahidi hivyo, kisha akaingia gereji akafunga mlango na kuanza kuificha baiskeli. Jina la kiwanda alilifunika kwa utepe mweusi. Alishona mfuko wa turubai kuzunguka bomba lililobeba betri, akabandua stika za baiskeli yake ya zamani na kuzibandika kwenye hii mpya. Kile kioo kidogo kinachoonyesha nguvu ya mota akakivisha soksi. Mwanamume mzima wa miaka sitini na kitu, akipaka tope baiskeli mpya kwa brashi ya rangi.

Ijumaa walifika, wakasimamisha mahema penye miti ya mreteni, wakaoka mapichi kwenye chungu cha chuma kama kila mwaka. Verl alifungua kinywa aseme, Arturo akaanza kisa cha shemeji yake na mbuzi. Alifungua tena, Marlys akaomba chumvi. Mara ya tatu hakuna aliyemkatiza, wote wawili walikuwa kimya wakitazama moto, na hapo ndipo aliposhindwa kabisa.

Msidhani aliogopa kuchekwa. Kuchekwa na hawa wawili kulikuwa chakula chake. Aliogopa kuhurumiwa. Tangu Novemba kila mtu alikuwa akimshika kama yai: wanawe walimpokonya mifuko ya sokoni, majirani walimteremshia sauti, wateja walimwambia apumzike kwanza kabla hajafungua bomba lolote. Duniani ilikuwa imebaki sehemu moja ambapo angetukanwa kama mtu mzima mwenye afya zake, na sehemu hiyo ilikuwa hapa.

Jumamosi walipanda mwinuko wanaouita Ngazi ya Mkwe. Sheria yao ni ya siku nyingi: anayefika juu mwisho anaosha vyombo. Verl alifika kwanza, akashuka, akaegemea jiwe, na ndipo akakumbuka kwamba hahemi. Haraka akajimwagia maji ya chupa usoni na kifuani, akaanza kutweta. Marlys alifika akiwa mwekundu kama magenge yenyewe. Akamtazama anavyotweta.

"Hiyo ngiri imekufanyia mema," alisema.

Verl akasema ni mazoezi. Mtu aliyeishi na farasi anajua mnyama anayehema na mnyama anayejifanya, lakini Marlys alinyamaza, na Verl akajiona mjanja.

Jumapili asubuhi mambo yalimchachia. Katika utepe wote ule na soksi na tope, alikuwa amesahau desturi ya siku ya mwisho. Kila Jumapili ya safari hii wanabadilishana baiskeli kwa mpando mmoja, ili kila mtu apate cha kuchekea kwenye baiskeli ya mwenzake. Wanatumbukiza glavu kwenye kofia ya Marlys, na ukiangukiwa na glavu ya mwenzako, unapanda baiskeli yake. Marlys akatikisa, akachomoa. Arturo akapata baiskeli ya Verl, Verl akapata ya Arturo, na Marlys mwenyewe akabaki na yake. Miaka yote mtu akiangukiwa na baiskeli yake mwenyewe kura inarudiwa. Safari hii haikurudiwa, na Verl angepaswa kunusa kitu hapo, lakini hofu ilikuwa imemziba pua.

Alikuwa na nafasi ya kusema. Maneno mawili yangetosha. Mdomo ule uliokuwa na neno juu ya kila kitu ukakosa neno, naye akapanda baiskeli ya Arturo akatangulia, akijiambia ataenda taratibu, atasukuma kwa mguu mahali pabaya, hakuna atakayejua.

Mwanzoni miguu ilifurahi. Ilikuwa kitambo tangu iikanyage pedali isiyosaidiwa na mota, na kwa mizunguko michache ya kwanza Verl alikuwa yuleyule wa zamani. Halafu njia ikainuka, na moyo ukaanza kugonga, siyo mbio, bali vibaya, kama mtu aliyebeba sanduku zito anayekosea ngazi. Jasho likamtoka la baridi. Aliteremka, akailaza baiskeli ya rafiki yake kwa uangalifu upande usio na gia, akaketi chini ya mreteni. Alikifikiria kile kiti cha hospitali. Aliona haya mpaka machozi yakamlenga: LaRue alikuwa amemtaka maneno machache tu, naye sasa angemrudisha kwenye kile kiti.

Chini alisikia Arturo akija, akiimba kwa sauti ya kanisani wimbo alioutunga mwenyewe juu ya ngiri yenye mota. Baiskeli ya umeme ilimpandisha bila jasho, soksi ameshaivua na kuivaa mkononi, anaipungia kama bendera. Alipokata kona akaona uso wa Verl, umekuwa rangi ya majivu. Wimbo ukamfia mdomoni. Akaiacha ile baiskeli ikaanguka yenyewe.

"Verl. Nini?"

"Haikuwa ngiri," alisema Verl. "Walinifungua moyo."

Marlys akafika, akaelewa kabla ya kuambiwa. Alipiga magoti vumbini, akaweka vidole viwili chini ya taya la Verl kama anavyofanya kwa farasi, akafumba macho. Aliuliza dawa ziko wapi. Verl akaonyesha mfuko wa shati, akaweka kidonge chini ya ulimi. Marlys hakuondoa vidole. Walikaa hivyo, nzi wakizunguka, mpaka rangi ikaanza kurudi usoni na Marlys akapumua.

"Umerudi kwenye mwendo," alisema. "Mbio kidogo, lakini ni mwendo."

Hapo Arturo akakiri, na kukiri kwake kulimtoka kwa shida. Tangu Ijumaa walijua. Yeye ndiye aliyeiteremsha baiskeli ile garini, na kwa uzito wake alidhani Verl amefunga maiti ndani. Walifikiri ni uvivu na majivuno tu, mzee kaonja utamu wa betri anaona aibu ya kiapo chake, wakapanga zile glavu ili wamfichue wacheke. Marlys alikuwa amezishika mkononi ndani ya kofia tangu mwanzo.

"Tungekuua kwa mzaha," alisema Arturo. "Kwa nini hukutuambia, bwana wewe?"

"Niliwaagiza mnizike nayo," alisema Verl. "Nikaona mkijua, mtatekeleza."

Arturo alicheka na kulia kwa pamoja, kitu kibaya kutazama kwa mwanamume mwenye masharubu. Marlys aligeuka kutazama bonde. Na kwa kuwa lile kubwa lilishatoka, dogo lililokuwa nyuma yake likatoka pia: Verl aliwaambia kwamba nyumbani wanamshika kama yai, na kwamba hapa ndipo mahali pekee alipobakiwa na matusi. Aliwaomba wasimwondolee.

Arturo alijifuta uso kwa ile soksi.

"Basi sikiliza," alisema. "Wewe ni mwongo, na mjinga, na umenikwaruzia pedali. Panda hilo dude lako. Na vyombo leo unaosha wewe."

"Hatujafika juu. Mtajuaje nani wa mwisho?"

"Wa mwisho ni wewe. Mwongo hapigi kura."

Walipanda kama kawaida, kila mtu na baiskeli yake, Verl akiwa katikati. Mara kwa mara Marlys alisimama kukagua gurudumu lake la mbele, gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote, na kila aliposimama wote walisimama, na Verl alitazama magenge kama mtu asiyejua sababu. Karibu na kilele walimwachia nafasi apite, akakataa, akawapisha wao. Alitaka kuiona migongo yao ikitangulia, ya Arturo imepinda, ya Marlys imenyooka, na alipoiona aliipenda kupita kiasi. Jioni aliosha vyombo vyote. Arturo alikaa juu ya jiwe karibu naye akamtukana bila kupumzika, huku akipokea kila sahani na kuifuta.

Jumatatu ni siku ya makaburi. Verl alimkuta LaRue ameshafika kwenye makaburi ya wazazi wake, amechomeka maua ya bustanini kwenye kopo la zamani na kukandamiza udongo kuzunguka kopo lisianguke. Kando ya kaburi la mama mkwe palikuwa na nafasi ya kuzikwa, nyasi tupu, yao wawili, waliyoinunua wakiwa vijana na kuicheka.

"Umewaambia?" aliuliza LaRue bila kuinuka.

Angeweza kusema ndiyo, ikatosha. Lakini alimwambia yote, mpaka glavu, mpaka kidonge. LaRue aliinama juu ya lile kopo kwa muda mrefu kuliko kopo lilivyohitaji. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, na alikuwa amekasirika, na alikuwa amemshika suruali kwenye goti kwa mkono wenye udongo.

"Wakasemaje?"

"Wamesema watanizika nayo kama nilivyoagiza," alisema Verl. "Ila hawana haraka."

LaRue akaigeukia ile nafasi ya nyasi, akaipima kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayepima mahali pa kuweka kabati.

"Baiskeli haitatosha," alisema, na akampa mkono amwinue.