Maziko Hayamngoji Mkubwa

Mimi niliacha shule darasa la sita. Leo ukipita Ruiru upande wa reli utaona ghorofa tano zimefuatana: mbili ni zangu, na hizo zingine zimejengwa kwa mawe yaliyobebwa na malori yangu. Lakini kitu ninachojivunia zaidi hakina hati ya shamba. Yule mkubwa mnayemwona kwenye televisheni akisalimiana na marais, aliwahi kupanga chumba kwenye ploti yetu kule Thika. Kitanda chake na changu vilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati.

Alikuwa karani kijana kwenye kiwanda cha matunda. Sisi tulikuwa Waislamu wa mchanganyiko, babu Mnubi, nyanya Mkamba, na baba yangu fundi wa cherehani. Yeye alikuwa Mkristo wa kutoka mashambani, lakini Ramadhani hakuna aliyewasha jiko mchana pale plotini, basi akawa anafunga kwa lazima. Baba alimcheka sana.

"Karani, wewe unafunga kwa njaa, si kwa nia."

"Mzee, Mungu atahesabu zote mbili."

Jua likizama anakaa mkekani na sisi, na kaimati zinaisha mbele yake. Jumapili aliwaandikia majirani barua za kuomba kazi. Mtu akifa, aliingia kwenye zamu ya kubeba jeneza kama sisi, hatua chache, anampisha mwingine, mpaka makaburini. Koti la kwanza alilovaa kuomba kura lilishonwa na baba. Siku hizo zilikuwa tamu, wacha tu.

Mwaka jana baba akafariki, asubuhi, chai yake ikiwa bado na moshi. Nikampigia simu msaidizi wa mkubwa, akaniambia mheshimiwa atakuja. Basi nikafanya vile nimeona majirani zangu Wakristo wa Murera, huku Ruiru, wakifanya, ambao maiti yao inaweza kungoja wiki nzima ndiyo mheshimiwa apate nafasi. Nikaleta mahema matatu, viti, na spika kubwa kama kabati. Nikatangazia mtaa wote. Nilitaka Thika ione fundi wa cherehani anazikwa na nani.

Adhuhuri ilipopita, baba alikuwa ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Simu ikalia.

"Mheshimiwa amekwama mkutanoni," msaidizi akasema. "Mngojeeni kesho saa nne."

Baba mdogo alikuwa karibu, akasikia. "Kesho ya nani? Tukiswali alasiri, tunaenda."

"Baba mdogo, huyo si mtu wa kawaida."

"Na huyu aliyelala hapa ndiye wa kawaida?"

"Nimeshaweka mahema!"

"Basi kaa ndani ya hema lako, bwana mawe. Sisi tunambeba ndugu yetu."

Wazee wakacheka, hata na msiba. Mimi sikucheka. Nimezoea kwamba nikisema lori lisimame, linasimama. Nikaingia kwa mama, ambaye alikuwa ameshaanza eda, nikijua ataniunga mkono kwa sababu alimpenda yule karani kama mwanawe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "hata ungekuwa ni wewe uko njiani, ningewaambia wamzike."

Halafu nikatoka nje, nikampigia msaidizi. "Mwambie mheshimiwa tunazika saa kumi. Asipoweza, amwombee mzee hukohuko."

Akaniuliza, "Una uhakika? Unajua unamwambia nani?"

"Namjua kabla yako," nikamjibu, nikazima simu.

Nilibeba jeneza, na zamu yangu ilipokwisha nikakataa kumpisha mtu. Kaburini niliingia mimi na baba mdogo. Baba alikuwa mwepesi. Mimi nimebeba mawe tangu utoto, na sijawahi kubeba kitu chepesi namna ile.

Mkubwa alikuja kesho yake saa nne, na gari mbili tu. Mahema yalikuwa yameshaondolewa. Hakuuliza kwa nini hatukungoja. Aliwaacha walinzi langoni mwa makaburi, akavua viatu, tukaenda sisi wawili mpaka kwenye udongo mbichi. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima kichwani ya kumwambia mahali nimefika. Akafungua viganja vile alivyozoea kuona baba akifungua, akanyamaza muda mrefu sana.

Nikanyamaza pia. Muulize mtu yeyote Ruiru anayenijua, atakwambia hilo si jambo dogo.