Safari Yetu ya Krete kwa Njia ya Mwanza

Wenzangu mliokulia Tabora kabla ya simu za mkononi, ninyi hamhitaji maelezo marefu. Mnajua vumbi lile jekundu lililokuwa likituganda miguuni mpaka tukawa kama tumevaa soksi. Mnajua utamu wa embe lililoiva nusu, la kuiba, lenye chumvi na pilipili. Mnajua rede, kombolela, mdako, na magari ya waya yaliyokuwa na usukani mrefu kuliko dereva. Asubuhi ya Jumamosi ulitoka nyumbani, jioni ukarudi, na hakuna aliyekuuliza ulikuwa wapi mradi umerudi na viungo vyako vyote na ndoo ya maji.

Sisi tuliishi Ipuli. Mimi na mama tulikaa kwa Bibi yangu, mama yake mama, na nyumba ya pili walikaa pacha wawili, Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa mvulana mwenye jibu la kila kitu. Doto, dada yake, alikuwa na swali la kila jibu. Mimi kazi yangu ilikuwa kukubali, kisha kulia tukikamatwa.

Bibi alisifika mtaani kwa michembe. Alikata viazi vitamu vipande, akavianika juani mpaka vikakauka vikawa vigumu kama mbao, kisha akavipika taratibu na karanga zilizotwangwa. Harufu yake ilivuka ua ikaenda kumwita Mzee Yani.

Mzee Yani alikuwa Mgiriki, fundi wa malori yaliyobeba tumbaku kutoka Urambo. Gereji yake ilikuwa karibu na stesheni. Alikuwa ameishi Tabora muda mrefu hata akitukana bolti iliyogoma alitukana kwa Kinyamwezi, tena kile cha ndani kabisa, kiasi kwamba akina mama waliokuwa wakipita waliziba masikio huku wakicheka. Kila alasiri aliacha spana zake, akanawa mikono kwa majivu, akaja kwetu.

"Shikamoo, Mama," alimwambia Bibi, na ndevu zake zilikuwa nyeupe kuliko nywele za Bibi.

"Marahaba," Bibi alijibu, akageuza uso pembeni ili asionekane anatabasamu.

Alikaa kwenye kigoda, akala michembe, akatusimulia kwao. Alitoka kisiwa kinachoitwa Krete. Kisiwa kikubwa, alisema, si kile cha kukizunguka mchana mmoja. Kina milima yenye theluji juu na malimau chini. Mbuzi wa huko wanapanda majabali yaliyosimama wima kama ukuta, na bahari iko pande zote. Alitufundisha na salamu: kalimera. Tukaanza kumwamkia kila mtu mtaani kwa kalimera badala ya shikamoo. Mama alidhani ni tusi jipya kutoka Dar es Salaam, akatuchapa makofi kwa zamu. Bibi ndiye aliyetuokoa.

"Waache," alisema. "Hiyo ndiyo mwangaluka ya kwao, salamu ya asubuhi."

Kisha ikaja siku Mzee Yani akaja bila ovaroli. Amevaa koti. Kifua kilikuwa kinamsumbua tangu masika, na dada yake kule kwao alikuwa amemwita arudi akatunzwe. Alikula michembe yake yote. Alipoinuka alitushika vichwa mmoja mmoja, akasema, "Mkija Krete, nitawachinjia mbuzi." Bibi alimfungia asali kwenye chupa, akamsindikiza mpaka njia panda. Aliporudi alipita moja kwa moja chumbani.

Tangu hapo Bibi hakupika tena michembe. Vipande vilikaa kwenye kiroba, kigoda kikageuzwa kichwa chini ukutani. Alasiri ikifika, saa ileile, alikaa mlangoni akatazama upande wa stesheni, na ukimsemesha alikujibu neno moja. Watu wazima walisema ni uzee. Sisi tulijua zaidi.

"Tunakwenda Krete," Kulwa alisema siku moja tukiwa juu ya mpera. "Tunamrudisha."

"Njia gani?" Doto akauliza.

Sasa hapo ndipo mtaona tofauti ya elimu ya wakati ule. Darasani kwetu kulikuwa na ramani kubwa ya dunia, imechanika upande wa Amerika, lakini upande wetu ulikuwa mzima. Tulibaki wakati wa mapumziko tukaisoma. Krete tuliiona, imelala baharini kama mjusi, juu kidogo ya Misri. Misri kuna Mto Naili. Mto Naili unatoka ziwani. Ziwani kuna Mwanza. Na Mwanza, jamani, si kuna treni?

"Maji yanateremka yenyewe," Kulwa alieleza, kidole kikishuka, au tuseme kikipanda, kwenye ramani. "Ukishaingia mtoni unakaa tu. Unafikishwa."

Hata Doto alikosa swali. Na sisi ni Wanyamwezi. Babu wa Bibi alikuwa mpagazi, alibeba pembe begani kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu, akarudi, akaenda tena. Sisi wajukuu tungeshindwaje safari ya kukaa?

Maandalizi yalikuwa makubwa. Kwa ajili ya mawimbi, tuliingia kwa zamu ndani ya pipa tupu la mafuta, wengine wakalisukuma kutoka mlimani. Nilitapika mara nyingi nikahesabiwa kuwa nimefuzu. Kwa ajili ya theluji, Doto alitumbukiza miguu kwenye mtungi wa Bibi wa maji ya kunywa na kuiacha humo mpaka ikafa ganzi. Siku hiyo nzima familia ilinywa maji hayo ikayasifu kwa ubaridi. Kwa ajili ya majabali tulipanda ukuta wa shule, na Kulwa akaacha sehemu ya kaptula yake kwenye msumari. Kwa ajili ya njaa, nilichota michembe kutoka kile kiroba cha Bibi, nikajaza mfuko wa shule.

Siku yenyewe, badala ya kwenda shule, tulikwenda stesheni. Treni ya Mwanza ilikuwa imejaa akina mama wenye matenga ya maembe. Tukajipenyeza katikati ya sketi na matenga, kila mama akidhani sisi ni wa mwenzake. Treni ikapiga honi, ikaanza kuvuta. Nilipoona paa la gereji ya Mzee Yani likirudi nyuma, nilishika tenga la jirani kwa mikono miwili.

Mkagua tiketi alitupata tukiwa tumeshaanza kuzoea. Alikuwa bwana mnene, mpole, jasho linamtiririka.

"Ninyi ni wa nani?"

Akina mama wakatazamana. Hatukuwa wa mtu.

"Mnakwenda wapi?"

"Krete," Kulwa akasema, kifua mbele.

Yule bwana alifikiri. Alikuwa amefanya kazi kwenye reli ile miaka mingi, na haikumpendeza kuwa kuna kituo asichokijua. "Krete," alisema taratibu. "Iko kabla ya Isaka, au baada?"

"Baada," Doto akamjibu. "Baada sana."

Behewa zima likacheka, na yeye akajua kuna jambo. Tulipofika Bukene alitushusha, akatukabidhi kwa bwana stesheni. Treni ikaondoka na Krete yetu. Ndipo nikafanya kazi yangu: nikalia mpaka kwikwi.

Bwana stesheni alipiga simu Tabora, akatupeleka kwa mkewe. Yule mama alitulisha ugali na dagaa, akatulaza, na kesho yake akatumenyesha karanga gunia kubwa ili, alisema, tusije tukapata nafasi ya kufikiri tena. Alasiri treni ikaja, na aliyeshuka hakuwa mama wala baba wa pacha. Alikuwa Bibi, na fimbo yake ya kutembelea, kanga amejifunga kibwebwe.

Tukasimama mstari bila kuambiwa.

"Shikamoo, Bibi."

Hakuitikia. "Kiongozi nani?"

Kulwa akamwonyesha Doto, Doto akamwonyesha Kulwa, kisha wote wawili wakanionyesha mimi. Mnaona watu niliokua nao.

"Mlikuwa mpitie wapi?"

Kulwa akapiga goti, akachora mchangani kwa kijiti: hapa Mwanza, hili ziwa, huu mto, hii Misri, hii bahari, hii Krete. Bibi aliegemea fimbo akatazama mpaka mwisho. Hata bwana stesheni alikuwa amesogea kuona.

"Na mamba?" Bibi akauliza.

Kulwa akauchora tena mto wake kwa kijiti. "Tungepita katikati ya mto, Bibi. Mamba wanakaa pembeni."

"Na mimi?"

"Wewe vipi, Bibi?"

"Mlikuwa mnaniacha na nani?" Sauti yake ikavunjika kidogo, na hapo nikaogopa kuliko nilivyoiogopa fimbo yake. "Huyo mbuzi Yani aliniahidi mimi kwanza. Ninyi mmeahidiwa juzi. Mnachukua michembe yangu, mnakwenda kwa Yani, hamnipitii hata mlangoni?"

Doto, aliyekuwa na maswali ya dunia nzima, alikaa chini akamkumbatia miguu. Bibi akatuacha tulie, naye akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akimlaumu bwana stesheni kwa moshi wa treni, na hakukuwa na treni pale. Kisha akaomba sufuria kwa mke wa bwana stesheni. Akapika ile michembe yetu yote, na karanga tulizomenya wenyewe, tukala pale Bukene tukisubiri treni ya kurudi. Alikula michembe kwa mara ya kwanza tangu Yani aondoke, na akatusimulia, akicheka, jinsi Mgiriki yule alipofika mtaani mara ya kwanza akala kipande kikavu kisichopikwa akavunjika jino.

Nyumbani mama alikuwa ameshachuma fimbo ya mpera, na hiyo sitaisimulia kwa sababu hamna aliyekulia Tabora asiyeijua.

Habari za Mzee Yani hazikuja tena. Bibi naye alishatangulia. Kulwa amestaafu yuko Nzega na ng'ombe wake, Doto yuko Dar es Salaam na bado anauliza maswali. Siku hizi wajukuu wangu wana kundi la simu la kupanga safari. Wameanza na Zanzibar. Wamejadili nguo za kupigia picha, rangi ya miwani, nani atachangia nini, mwezi umeisha, mwingine umeingia, na hawajafika hata stendi. Ukiwauliza wanasema bado wanapanga. Sisi tulipanga juu ya mpera na kwa pipa la mafuta, na tulipanda treni.

Juzi mjukuu wangu mmoja alinionyesha Krete kwenye simu yake. Milima, malimau, barabara nyembamba, mpaka nguo zilizoanikwa kwenye varanda ya mtu. Niliitazama sana. Nikamhadithia haya niliyowahadithia ninyi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo Bibi, hamkufika?" akaniuliza.

"Hatukufika," nikamwambia. "Lakini tuliondoka. Wewe umeshawahi kuondoka?"

Akainamia simu yake, akaanza kutafuta, kana kwamba jibu lingekuwa humo.