Siku Cherehani Alipozivisha Seva Zote

Ukitaka kumjua Cherehani, usianzie usoni, anzia kwenye vidole. Jina hilo alipachikwa na wenzake ofisini, kwa sababu akikaa mbele ya kompyuta kibodi inalia trrrr mpaka mtu wa chumba cha pili anauliza nani anashona nguo humu. Ni mwanamke mfupi, maneno machache asubuhi, mengi mno baada ya chai. Wapo waliomwona mtu wa mchezo. Leo hao ndio wa kwanza kumsalimia.

Anafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi. Kampuni ina matawi ishirini na kitu, na kila tawi lina seva yake, ile kompyuta isiyozimwa, imefungiwa kabatini nyuma ya kaunta, feni inaipuliza kutwa kucha. Humo ndimo unamokaa ukurasa ambao mteja anaufungua kwenye simu kuuliza mzigo wake uko wapi. Ukurasa huo umeandikwa kwa lugha ya kompyuta inayoitwa PHP. Seva isiyo na PHP, ukiipa ukurasa huo, inakukodolea macho kama mbuzi aliyeonyeshwa gazeti.

Aliyekuwa akiziwekea seva zote PHP ni mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyemwingiza kazini. Ofisi nzima inamwita Mkoba, maana hajawahi kuonekana bila mkoba begani, na ndani yake kebo, bisibisi, kitana na biskuti. Likitoka toleo jipya, Mkoba anafunga safari tawi kwa tawi, anajifungia na seva kutwa nzima, anaikorogakoroga mipangilio mpaka ikae sawa. Akitoka humo anatembea polepole kama daktari aliyetoka kupasua moyo.

"Seva ni mtoto mchanga," husema. "Huwezi kumwogesha kwa simu."

Basi toleo la zamani likafikia mwisho wake. Watengenezaji wakatangaza hawataziba tena matundu yake, na kwenye matundu ndipo wezi wa mtandaoni wanapopita. Meneja, mama asiyepoteza neno, akawaita mjomba na mpwa ofisini kwake.

"Mkoba, ukienda tawi kwa tawi utamaliza lini?"

"Bosi, kazi nzuri haitaki papara."

"Nimeuliza lini."

Mkoba akaanza kuyahesabu matawi kwa vidole, vidole vikaisha.

"Basi nimeshaongea na kampuni ya nje," Meneja akasema. "Wataichukua kazi yote ya seva, kitengo chenu nitakifunga. Wewe utakwenda stoo. Na huyu mkataba wake ukiisha, umeisha."

Unga ulikuwa unamwagika mchana kweupe. Cherehani akapiga moyo konde.

"Bosi, nipe Jumapili moja, matawi yakiwa yamefungwa. Nitaziwekea zote bila kuinuka kwenye kiti."

"Jaribu tawi moja kwanza," Meneja akamjibu. "Likienda sawa tutaongea."

Kwenye korido mjomba alimshika kiwiko. "We mtoto, chai ya leo imewekwa nini?"

"Imewekwa akili, mjomba. Ndiyo maana huitambui ladha."

Akaandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta moja inayasoma na kuyatekeleza kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao: toa PHP ya zamani, weka mpya, weka faili la mipangilio, washa. Akalijaribu tawi la sokoni wakati halina wateja. Chai haijapoa, PHP mpya imeshaingia. Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa amevimba kichwa hata mlango aliuona mdogo.

Asubuhi simu ikalia. Mama wa kaunta ya sokoni.

"Dada, mnatumia uchawi gani huko? Mzigo umetoka tawi la stesheni saa tatu asubuhi, umefika hapa kwetu saa mbili asubuhi hiyohiyo! Kuna mteja hapa anataka tumfunge yeye kwenye boksi tumrudishe jana, eti aligombana na mkewe."

Mkoba alicheka hadi akajifuta machozi kwa tai. Cherehani hakucheka. Alilifungua faili la mipangilio, na kosa lilikuwa limekaa hapo wazi: PHP ikitoka kwa watengenezaji haijui saa za kwetu, inafuata saa ya kimataifa, nyuma kwa saa tatu. Miaka yote mjomba alikuwa akiirekebisha kwa mkono.

"Mjomba, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza unabadilisha nini, ukasema vitu vya kawaida!"

"Sasa saa si kitu cha kawaida?"

Hakuwa na hila, jamani. Vidole vyake vilikuwa vinajua, mdomo wake haukuwa na habari. Cherehani akairekebisha saa ya sokoni, kisha akaenda kwa Meneja kabla Meneja hajamwita.

"Bosi, kosa nimeliona na nimelitengeneza. Lakini hao wa nje wangelifanya kwenye matawi yote kwa mpigo, kwa sababu wao hawana Mkoba wa kumuuliza."

Meneja aliivuta kalenda ya mezani. "Jumapili hii. Jumatatu kaunta zikifunguliwa na kosa hata moja, sitaki maelezo."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Cherehani aliyavuta mafaili ya mipangilio ya matawi yote kupitia mtandao, akayalinganisha na faili la watengenezaji lisiloguswa. Kila mahali mjomba alipowahi kugusa, kompyuta ilipaonyesha kwa rangi nyekundu. Siri zote za mkono wa Mkoba zikamwagika mezani.

"Mbona la stesheni linapokea picha kubwakubwa hivi?"

"Mkuu wa pale alinunua simu mpya. Kila boksi lililopondeka analipiga picha kama bibi harusi."

"Na la viwandani umelibana kumbukumbu?"

"Seva yake kongwe ile. Ukiiachia ile itakavyo, inavimbiwa inazimika."

Mjomba alijibu yote, kila jibu na hadithi yake na chumvi juu. Cherehani akachuja: mipangilio inayofanana kwenye matawi yote akaiweka kwenye faili moja, na vituko vya kila tawi akavipa faili lake dogo. Kisha akaongeza sharti moja ambalo lilimkosesha mjomba usingizi wa mchana: kila agizo litazame kwanza kama kazi imeshafanyika. Ikiwa tayari, lisiguse kitu.

"Kwa hiyo nikiiendesha mara ya pili?"

"Haifanyi chochote."

"Hiyo mashine mvivu."

"Uvivu wa hivyo ndio ninaoutaka, mjomba."

Jumapili wakakaa chumba cha seva, Cherehani kwenye kiti, Mkoba amesimama na mkoba wake, Meneja nyuma yao amekunja mikono. Cherehani akabonyeza. Mistari ya kijani ikaanza kupanda, tawi baada ya tawi, na Mkoba akaanza kuyapigia makofi kama wachezaji wa mpira. Ghafla nyekundu. Na nyingine. Na nyingine tena. Umeme ulikuwa umekatika upande wa pili wa mji. Seva zilikuwa zimezimika katikati ya kazi, ya zamani imetolewa, mpya haijaingia.

Mkoba akavuta mkanda wa mkoba begani. "Naenda. Naanza na stesheni. Lazima nikaone kila moja imeishia wapi."

"Mjomba, kaa."

"Wewe, seva ziko uchi!"

"Kaa, nakuomba."

Cherehani alibaki kitini, vidole juu ya kibodi. Umeme uliporudi alisubiri seva ziamke, akabonyeza amri ileile, bila kubadilisha hata nukta. Matawi yaliyokuwa yamemaliza yakajibu: hakuna kilichobadilika. Yaliyokatwa njiani yakaendelea pale yalipoachia. Kijani. Kijani. La viwandani likajivuta kizee, nalo likafika.

"Imejuaje ilipoishia?" Meneja akauliza kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Kila agizo linatazama kwanza, bosi."

Kisha akaziuliza seva zote ni saa ngapi. Zote zikatoa jibu moja. Mkoba akainua mkono wake, akaitazama saa yake, akaigongagonga. "Yangu ndiyo imechelewa."

Jumatatu kaunta zikafunguliwa. Mama wa sokoni akapiga simu mwenyewe: mizigo inatoka kwanza, ndipo inafika. Wa stesheni akatuma picha ya boksi lililopondeka, ikapita. Meneja akanyanyua simu mbele ya wote wawili, akaiambia kampuni ya nje isijisumbue kuja.

"Kitengo kinabaki," akasema akiiweka simu chini. "Cherehani, kuanzia leo umeajiriwa moja kwa moja, na wewe ndiye msimamizi."

Mkoba akawageukia mmoja mmoja. "Yaani mpwa wangu ndiye bosi wangu?"

"Una tatizo?"

"Tatizo moja tu. Sasa nani atamwagiza mwenzake chai?"

"Mjomba wangu mpendwa," Cherehani akasema, akivuta kibodi karibu, "yangu bila sukari."