Shemeji Atashinda Raundi ya Pili

Nyie, chekeni sasa hivi mmalize kabisa, ili nikianza kusimulia mniache nipumue. Hapa Mpanda ukishuka stendi ukauliza Deo mtangazaji, watakuuliza Deo yupi, lakini ukisema tu "Shemeji" bodaboda anakuleta mpaka mlangoni kwangu, na njiani atakupa kisa chote kwa kuongeza chumvi yake mwenyewe. Sasa bora mnisikie mimi, maana aibu ni yangu na sijui kwa nini wengine ndio wafaidi kuisimulia.

Mimi ni mwandishi wa michezo kwenye redio yetu ya hapa mjini, na kilichonipa ujiko ni utabiri wa ngumi. Kila Ijumaa nakaa kwenye maiki nasema nani atampiga nani na raundi ya ngapi, halafu naandika yaleyale kwenye ukurasa wa redio mtandaoni, watu wanabishana huko mpaka Jumapili. Na niwape siri ya sisi wachambuzi (wenzangu wanisamehe, au wasinisamehe, shauri yao): kila mmoja ana mtu wake. Mchambuzi aliyezaliwa Mwese hajawahi kuona bondia wa Mwese akizidiwa, atakwambia ni mwamuzi, atakwambia ni glavu, atakwambia kijana aliamka na homa. Mimi nilikuwa natamba kwamba sina mtu, na ni kweli sikuwa naye, mpaka nilipompata Esperansia.

Espe ni fundi cherehani hapa sokoni, kwao ni Mishamo, wazee wao walikuja zamani kutoka Burundi na sasa ni Watanzania wenzetu, wanalima mahindi na maharage, watu wa kanisani, wapole. Nilimpenda vibaya sana. Nilikuwa napeleka suruali kupunguzwa mpaka nikabaki sina suruali ya kuvaa bila kubanwa. Mshenga wangu akaenda Mishamo kupeleka posa, akarudi na jibu ambalo si jibu: Mzee Leonidas, baba yake Espe, kasema tusubiri, kijana wake Evariste ana pambano, hawezi kukaa kikao cha posa huku akili yake iko ulingoni. Ngumi zikiisha, jibu litatoka.

Haya. Evariste huyo ndiye waliyembatiza Kifaru wa Mishamo, na alikuwa anapigana na Shija wa Mwamkulu, kijana mfyatua tofali, mwembamba, mkimya, ambaye tofali hizo anazibeba mwenyewe kuzipeleka tanuruni. Nikaenda kumwangalia Evariste mazoezini hapa mjini alikopiga kambi. Jamani, kifua anacho, mikono anayo, ila pumzi hana! Dakika mbili tu mdomo wazi, anashika kamba kama anasubiri gari.

Espe naye aliona. Akaniambia, "Deo, kaka yangu hana pumzi, na wewe umemwona kwa macho yako. Sema ukweli redioni. Akisikia atakasirika, akikasirika atakimbia, bado kuna wiki mbili."

Nikamwambia sawa mama, nitasema. Nia nilikuwa nayo, Mungu anajua. Sasa Ijumaa imefika, nimevaa spika za masikioni, taa nyekundu imewaka, mara nikamkumbuka Mzee Leonidas amekaa uani kwake na redio yake na majirani wote wamemzunguka, wanamsubiri mchumba wa binti yao aseme. Mdomo ukageuka wenyewe. "Wasikilizaji, andikeni ukutani," nikasema, tena kwa kupiga meza, "Kifaru wa Mishamo anashinda kwa nokauti, raundi ya pili!"

Hata kipindi hakijaisha, simu imeita. Mzee mwenyewe. "Kijana, umesema vizuri," kasema, kakata. Nyie, nilitembea kwenda nyumbani miguu haigusi chini. Espe alininunia siku mbili, nikambembeleza kwa chipsi mayai, nikamwambia utabiri ni maneno tu, utambadilishia nini bondia? (Hilo swali lilikuja kujibiwa, subirini.)

Sasa mambo yakaanza kubebana. Mzee Leonidas kwa furaha akakodi lori, akapakia ukoo: mama mkwe, mashangazi, wanakwaya, na mbuzi mmoja wa kuchinja baada ya ushindi. Na huku mimi ndiye niliyepewa kazi ya ushereheshaji ukumbini! Hapo ndipo kichwa kiliuma. Sisi Wafipa, na kwao Espe ni hivyohivyo, mtu aliyepeleka posa hapayuki mbele ya mama mkwe. Unakaa umeinama, unaongea kidogo, hata kula mbele yake huli. Sasa mimi niruke juu ya ulingo nipige kelele "chaliii!" na mama mkwe yupo pale anaangalia? Posa ingekufa hapohapo.

Nikajiona nina akili. Nikaingia studio nikarekodi kila kitu mapema, nikaweka kwenye flashi: namba moja kukaribisha wageni, namba mbili kutambulisha mabondia, namba tatu kutangaza mshindi. Mtaniuliza, wanaoweza kushinda ni wawili, mbona matokeo umerekodi moja? Nilifikiria, nawaambia ukweli. Nikafungua mdomo nimtangaze Shija, nikaona huo ni uchuro, unamrekodia shemeji yako kipigo halafu kikimpata utasemaje? Nikazima mashine. Flashi nikampa Chande, kijana wa kwenye maduka ya nguo ambaye ndiye mwenye muziki wa kukodisha, nikamwambia, "Pambano likiisha tu, piga namba tatu, usinisubiri mimi."

Jumapili saa kumi ukumbi umejaa mpaka watu wako madirishani. Mimi nimekaa benchi la nyuma karibu na wakwe, shati jeupe, mikono mapajani, mpole kama mtoto wa komunio. Namba moja ikapigwa, mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Namba mbili, mashangazi wakapiga vigelegele. Espe peke yake alikuwa amefumba macho.

Raundi ya kwanza Evariste alitoka kama amefunguliwa zizi, ngumi mkono huu, ngumi mkono ule, Shija amejikunja tu kwenye kona anapokea. Mzee akanigusa goti, "Raundi ya pili, eh?" Nikamwambia, "Ya pili, mzee." Kengele ikalia, ya pili ikaanza, na mimi nikaona mdomo wa shemeji umefunguka. Wazi. Pumzi imekwisha. Shija akakunjuka taratibu, akamtazama, akampa moja tu ya ubavuni, na Evariste akakaa chini, wala hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyechoka na safari. Mwamuzi akahesabu mpaka mwisho.

Ukumbi mzima umesimama, kelele, "Chali! Raundi ya pili! Chali!" Sasa Chande kule nyuma ya maspika yake haoni ulingo, anaona migongo ya watu. Anasikia raundi ya pili, anasikia chali, na utabiri wangu anaujua. Nilimpungia mikono yote miwili. Yeye akaona nashangilia, akaninyooshea dole gumba.

Ikapigwa namba tatu. Sauti yangu mwenyewe, tena nilikuwa nimeiongezea mwangwi: "Nilisema, sikusema? Raundi ya pili, mtu chini! Simameni mumshangilie Kifaru wa Mishamo, shemeji yangu wa damu! Mzee Leonidas, baba mkwe, hapo sasa jibu la posa si limepatikana? Na wewe Esperansia, mama watoto wangu, nakupungia!"

Mungu wangu. Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mtu mmoja dirishani akapaza sauti, "Kumbe shemeji! Ndiyo maana!" na pale pale wakaanza kuimba wote, She-me-ji! She-me-ji! Mashangazi, wao walikuwa wamekwama kwenye "mama watoto," wamegeuka wote kwa pamoja wanaangalia tumbo la Espe. Espe anasema hakuna kitu, hakuna kitu jamani, na mama mkwe ameshajifunika kanga usoni. Mbuzi nje naye akalia.

Watu wa Mwamkulu wakagoma kuondoka mpaka nipande ulingoni nimtangaze mtu wao kwa mdomo wangu. Nikapanda, nikamwinua Shija mkono. Yule mkimya akaniinamia sikioni, akasema kwa upole kabisa, "Kaka Deo, mimi nyumbani nina dada watatu. Si ungeniambia mapema?" Maiki ilikuwa wazi.

Nje, nyuma ya ukumbi, nikawakuta wakwe wamekaa kwenye ngazi za lori. Sikutaka kwenda, lakini nilimpenda yule binti kuliko nilivyoogopa. Mzee Leonidas akaniuliza, "Ulijua hana pumzi?"

"Nilijua, mzee. Na Espe aliniambia niseme. Nilitaka kukufurahisha wewe."

Evariste alikuwa ameshika ubavu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Nilikusikia redioni, nikajua nimeshashinda. Asubuhi zile nilikuwa nalala."

Nilitamani anipige. Machozi yalinitoka, siwafichi. Mzee akasema, "Jibu sikupi leo. Watarudiana hawa. Utatabiri tena, nami nitasikiliza." Lori likaondoka na mbuzi wake mzima.

Basi marudiano yakapangwa. Ijumaa moja, wiki kadhaa kabla ya pambano, nikakaa kwenye maiki, Espe yuko upande wa pili wa kioo ananitazama. Nikasema, "Wasikilizaji, kwanza mjue Evariste ni kaka wa binti niliyemposa. Pili, nimemwona mazoezini, bado pumzi haimtoshi. Shija anashinda tena." Nikajua hapo nimejichimbia kaburi la posa. Ila Espe alitabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile.

Evariste akaacha kunisalimia. Nikaambiwa kila alfajiri anakimbia barabara ya Mwamkulu kwenda na kurudi, na njia nzima anataja jina langu, na si kwa kuliombea baraka. Jumapili ikafika, mimi niko benchi la nyuma, sina flashi, sina maiki, nimeuma midomo. Raundi ya mwisho Shija ndiye aliyekuwa anatafuta kamba. Evariste mdomo umefungwa, anapiga tu. Akashinda kwa pointi, akaja moja kwa moja nilipokaa, akanipiga kofi la mgongo ambalo mpaka leo mvua ikitaka kunyesha nalisikia.

Ijumaa iliyofuata niko hewani naomba radhi kwa utabiri mbovu, simu ya msikilizaji ikaingia. "Hapa Mishamo, naitwa Leonidas. Umetabiri vibaya."

"Ndiyo, mzee. Nimekosea."

"Umekosea vizuri. Sasa, mukwe," (ndivyo wanavyomwita mkwe kwa Kirundi chao, na hakuwahi kuniita hivyo) "wazee wako unawaleta lini?"

Nikasahau niko hewani, nikapiga kigelegele. Mimi, mwanaume mzima, mkoa wote unasikia.

Basi ndugu zangu, nimeapa: sirekodi tena ushindi wa mtu ambaye hajapigana, na kabla sijatabiri nataja kwanza nani ni ndugu yangu. Na Shija juzi alikuja studio na soda mbili baridi na mdogo wake wa kike aliyevaa vizuri, eti alikuwa anapita tu akaona anisalimie. Soda nilikunywa. Nikamwambia, kaka, pole sana, umechelewa.